Je, wajua kwa nini kobe mdogo hupenda nyama na kobe mzima hula majani?

Mtie kobe mchanga wa majini kwenye tangi lenye majani laini na viluwiluwi vya mbu. Majani atayapita kama hayapo, viluwiluwi vitaisha kabla hujafunika tangi. Mtazame tena baada ya miaka kadhaa, akiwa na upana wa sahani: sasa anashinda akinyofoa magugu ya majini, na mdudu akipita karibu ni bahati yake tu.

Ninayemzungumzia hapa ni kobe wa maji baridi wa aina zinazofugwa sana, kama yule mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho. Kobe wa nchi kavu ni habari nyingine. Wengi wao hula majani tangu wanapoanguliwa, na kuwazoesha nyama ni kuwatafutia maradhi.

Sababu ya mabadiliko hayo imo tumboni. Kobe hana meno ya kutafuna. Ana mdomo mgumu wa kukatia, basi, na kazi ya kuvunja nyuzi za mmea huachiwa bakteria wa utumboni, ambao wanahitaji nafasi na muda. Kobe mchanga hana nafasi hiyo, na muda pia hana, kwa sababu anakua kwa kasi ambayo hataifikia tena maishani. Anajenga misuli, mifupa na gamba kwa pamoja, na hayo yote yanadai protini. Akishakua, tumbo limepanuka, madai ya protini yamepungua, na kumfukuza mdudu mmoja kunamchosha kuliko kunavyomshibisha. Majani hayakimbii.

Mfugaji akishasikia hivyo, anaanza kumkatia vipande vya mnofu wa kuku au ng'ombe kila siku. Kwa maoni yangu hapo ndipo kobe wengi wadogo wanapoharibikiwa, tena mikononi mwa watu wanaowapenda. Porini kobe hali mnofu mtupu. Humeza mdudu mzima, konokono na kombe lake, samaki mdogo na miiba yake na matumbo yake, na kalsiamu imo humo kwenye sehemu ngumu. Mnofu peke yake una fosforasi nyingi sana na kalsiamu kiduchu, ilhali kobe anahitaji kinyume chake: kalsiamu iwe takriban mara 2 ya fosforasi. Damu ikipungukiwa na kalsiamu huichota mifupani, na gamba la kobe ni mifupa vilevile, kwani mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Ndiyo maana kasoro ya chakula huonekana kwa nje: kingo za gamba hujikunja, mgongo hupinda, taya hulegea hata kuuma kukamshinda. Gamba la kobe aliyetoka kuanguliwa huwa laini kidogo, hilo lisikutishe. La kutisha ni gamba lililokwisha kukaza likaanza kubonyea tena chini ya kidole.

Kwa hiyo msingi wa mlo wake uwe punje zilizotengenezwa kwa ajili ya kobe wadogo wa majini, na juu yake uongeze viumbe vizima: nyungunyungu, nyenje, viluwiluwi, konokono wadogo. Wasitoke mahali panapopigwa dawa ya wadudu. Kamba wakavu anawapenda kupita kiasi, lakini wachukulie kama peremende za mtoto. Samaki wa dhahabu waache kabisa, maana nyama yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kipande cha mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni, kikielea ndani ya tangi humpa kalsiamu ya kuguguna apendavyo. Ung'oe kwanza upande wake mgumu.

Lakini hata sahani iwe kamili vipi, kalsiamu haitapita ukuta wa utumbo ipasavyo bila vitamini D3, na D3 kobe huitengeneza mwenyewe ngozi yake inapopigwa na miale ya urujuanimno. Kioo huizuia miale hiyo. Tangi lililowekwa dirishani linapata mwanga na joto, linakosa kile hasa kilichotafutwa, na kwa siku ya jua kali maji yanaweza kumchemsha aliyemo. Anahitaji jua la moja kwa moja, pawepo na kivuli cha kukimbilia, au taa maalumu ya miale hiyo. Taa nayo huchakaa kimyakimya: inaendelea kuwaka vizuri tu huku miale ikiwa imekwisha, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Joto nalo ni sehemu ya mlo, kwa kuwa kobe hana joto lake mwenyewe la kusagia chakula. Maji yawe nyuzi 25 hivi za Selsiasi, na jiwe la kuotea jua lizidi 30. Anayekataa kula, pima maji kabla hujambadilishia chakula.

Ukimwona amefumba macho mchana kutwa, kope zimevimba, usidhani ana usingizi. Mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, na una mtego wake: kobe huwinda kwa macho, asipoona hali, asipokula upungufu unazidi. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo. Usimpe matone kwa kubahatisha, maana vitamini A ikizidi humwambua ngozi.

Mlishe ndani ya maji. Ulimi wake haunyooki nje na mate yake hayatoshi kulainisha tonge, hivyo hukifikia chakula, hufungua mdomo ghafla na kukivuta pamoja na maji. Kipande kikimshinda hukishika kwa mdomo na kukichana kwa kucha za miguu ya mbele.

Kobe mdogo hula kila siku, kiasi kinacholingana na ukubwa wa kichwa chake bila shingo. Atakuomba zaidi. Kobe aliyekwisha kumzoea mtu huogelea kwa fujo kila akimwona, ashibe asishibe, na anayemtii humnenepesha hadi nyama zitokeze kwenye mianya ya miguu. Majani yaanze kuwepo mapema hata kama hayagusi: magugu ya majini yasiyo na sumu, majani ya kijani kibichi, karoti iliyoparuzwa. Spinachi isizidi, kwa kuwa ina oksaleti zinazoikamata kalsiamu. Kadiri anavyokua, siku za nyama zipungue na majani yaongezeke.

Mabaki yatoe yote baada ya robo saa kabla hayajachafua maji, kisha unawe mikono kwa sabuni. Kobe mwenye afya tele anaweza kubeba bakteria wa salmonela, wanaomharisha binadamu. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Maji ya tangi yasimwagwe kwenye sinki la vyombo.