Hapana, sahihi tatu hazihitajiki, wala P3

Wiki hii nimeulizwa tena, na mtu mwenye leseni ya kutibu watu, atawapata wapi madaktari watatu wa kutia sahihi kabla ya kumtoa mimba mama ambaye ujauzito unamweka hatarini, na kama aliyebakwa ni lazima kwanza alete P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu madhara aliyoyapata. Mimi ni wakili. Kazi yangu kubwa ni kuwatetea wahudumu wa afya na wagonjwa wao katika kesi za uavyaji mimba hapa Kenya, na hakuna uzushi unaoniumiza kama huu. Wanaoueneza ni wauguzi, ni maafisa wa polisi wenye nia njema, na hata mawakili wenzangu.

Sahihi tatu hazimo kwenye Kifungu cha 26(4) cha Katiba. Kifungu hicho kinaanza kwa kukataza uavyaji mimba, na wengi huishia hapo. Endelea kusoma. Kinaruhusu pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, matibabu ya dharura yanahitajika, au maisha au afya ya mama imo hatarini, na pale ambapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mtaalamu huyo ni mmoja. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, ikaja kumweleza: awe na mafunzo ya kiwango cha daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki, awe amefundishwa kushughulikia matatizo ya ujauzito, na awe na leseni halali. Basi. Hakuna jopo wala hakimu, na hakuna barua ya lazima kutoka kwa daktari wa akili. Sista aliye zamu peke yake usiku, akiwa na mafunzo hayo, maoni yake ndiyo yale Katiba inayoyataka.

Halafu kuna wanaokubali yote hayo, kisha wakaongeza: "Lakini mpaka awe anakufa." Hapo ndipo hasira hunipanda. Wakenya waliipigia kura Katiba hii Agosti 2010 baada ya kampeni ambayo viongozi wa makanisa walikipinga kifungu hiki hadharani, tena kwa nguvu. Kilisomwa, kikabishaniwa, kikapita kikiwa na maneno "maisha au afya". Sheria ya Afya nayo inaeleza kwamba afya ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu katika jamii, wala haiishii kwenye kutokuwa na ugonjwa. Mama mwenye ugonjwa wa moyo ambaye hali yake inazorota kila wiki halazimiki kungoja azidiwe kabisa. Msichana ambaye tangu abakwe halali, hali chakula na anazungumzia kujiua, afya yake tayari imo hatarini. Anayengoja figo zifeli ndipo afungue faili hajaitii sheria. Amemnyima mgonjwa haki aliyopewa na Katiba.

Na hiyo ya figo sikuitaja hivi hivi. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na madhara yanayotokana na uavyaji mimba usio salama. Desemba 2013 ikauondoa. Februari 2014 ukafuata waraka uliowazuia wahudumu kuhudhuria mafunzo ya huduma hiyo. Mwaka huohuo msichana wa miaka 14, ambaye kortini alijulikana kwa herufi JMM, alibakwa, akapata mimba, akaavya vichochoroni. Alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zake zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki kabla kesi yake haijaamuliwa. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyowasilishwa na FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, pamoja na wengine, wakasema Wizara ilivunja Katiba ilipouondoa mwongozo ule na kuzima mafunzo, na wakaamuru mamake alipwe fidia ya shilingi milioni 3. Nikiambiwa kwamba kuondoa karatasi za mwongozo ni jambo dogo la ofisini, huwa namsomea mtu huyo tarehe hizi kwa mpangilio wake.

Hukumu hiyohiyo ndiyo inayojibu suala la P3. Mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa pale mtaalamu anapoona inahatarisha maisha au afya ya mwathiriwa, afya ya akili ikiwemo. Swali ni la kitabibu. P3 ni ushahidi wa kumshtaki mbakaji, ni muhimu sana kwa kazi hiyo, lakini si kibali cha matibabu. Kumwambia mtoto arudi kituo cha polisi kwanza ni kumpotezea wiki ambazo hazirudi.

Huduma baada ya mimba kuharibika nitaipitia haraka, kwa sababu hapa hapapaswi kuwa na mjadala hata kidogo. Anayevuja damu anatibiwa. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura, na hakiulizi mimba ilitokaje. Bado mimi hupigiwa simu usiku: "Wakili, ameingia na damu nyingi, nimguse kweli?" Mguse, sista. Mguse sasa hivi.

Mbona basi watu wanakamatwa? Kwa sababu Kanuni ya Adhabu haijaguswa. Kifungu cha 158 kina miaka 14 kwa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, cha 159 miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, cha 160 miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa. Vyote vitatu vinahusu kitendo kilichofanywa kinyume cha sheria, na hilo hurukwa kila mara. Karatasi ya mashtaka huja imeandikwa "alimtoa mimba" na kuishia hapo, pamoja na mfuko wa nailoni wenye glavu, spekulamu (kifaa cha kuchunguzia uke) na kiganda kitupu cha misoprostoli, kana kwamba dawa hiyo haitumiki pia kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya msichana wa Kilifi aliyekamatwa pamoja na afisa wa kliniki aliyemtibu, ilisema kuwakamata watu namna hiyo ni kinyume cha Katiba, na ikalitaka Bunge litunge sheria.

Hapo ndipo nina mashaka, na sitayaficha. Hukumu ya Mahakama Kuu inaweza kupinduliwa huko juu, kwa hiyo nawashauri wahudumu waegemee Katiba yenyewe. Kuibadili Sura ya Haki kunahitaji kura ya maoni. Kuhusu Bunge, nimegawanyika. Mswada wa afya ya uzazi wa Seneta Judith Sijeny wa 2014 haukupita, na ule wa Susan Kihika wa 2019 ulipingwa vikali na makanisa. Nikiufikiria mswada mwingine, naogopa tutatoka na sheria finyu kuliko Katiba tuliyo nayo. Nikikaa kimya, ni vifungu vya 158 hadi 160 vinavyobaki mezani kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Wala sijui afya ya kijamii inafika wapi hasa: je, umaskini pekee unatosha? Ningependa kusema ndiyo, ila sijaona korti ikilisema hilo waziwazi. Kenya yenyewe iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2010 huku ikiweka pingamizi kwenye Kifungu cha 14(2)(c), kile hasa kinachotaja uavyaji mimba katika visa vya ubakaji, ngono ya maharimu na hatari kwa afya.

Wakati huo wote faili ndiyo kinga yenu. Andika historia ya mgonjwa, ulichopima, ulichokiona, kisha sentensi moja isiyokwepa: kwa maoni yangu, afya yake imo hatarini kwa sababu hii na hii. Weka saa, jina, nambari ya leseni na sahihi yako, moja tu. Polisi wakija, mgonjwa aendelee kutibiwa. Faili ni siri yake. Waambie walete amri ya korti. Wakikukamata, una haki ya kunyamaza, kumpigia wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Usiandikishe taarifa kabla wakili hajafika, na usikubali kushawishiwa ukiri mashtaka eti upate faini ndogo urudi nyumbani. Ukikiri, maoni yako ya kitaalamu hayatasomwa na hakimu yeyote.