Tarakimu tisa za mwisho za namba ya simu zikifanana, je, ni mtu mmoja?

Wengi wanaotunza orodha za wanachama huamini kwamba ukibonyeza kitufe cha Excel cha kuondoa marudio, kazi imekwisha. Kitufe hicho hulinganisha seli nzima. Hakijali herufi kubwa wala ndogo, lakini nafasi moja iliyosahaulika mwishoni mwa jina yatosha kumgeuza mtu mmoja kuwa wawili. Tazama namba hizi za simu za mfano:

0700 000 000
+255700000000
255 700 000 000

Yeyote aliyewahi kununua vocha anajua kuwa hiyo ni laini moja. Kwa kompyuta ni maandishi matatu tofauti, na mwenye laini atapokea ujumbe uleule mara tatu.

Hapo ndipo kipande cha maandishi kinapofaa, yaani kulinganisha sehemu tu ya seli badala ya seli nzima. Ongeza safu kando, uandike =RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9). Fomula inaondoa nafasi, kisha inachukua tarakimu 9 za mwisho. Zote tatu zinatoa 700000000, hata pale Excel ilipoimeza sifuri ya mwanzo.

Kutoka hapo watu huingia kwenye dhana iliyo mbaya zaidi: tarakimu 9 zikifanana, futa. Orodha ikichanganya Watanzania na Wakenya, tarakimu hizo zinaweza kulingana zote, kwa kuwa namba za 071 zipo nchi zote mbili. Kilichowatenganisha wenye namba ni 255 na 254, nawe umekikata.

Halafu kuna simu moja inayotumiwa na watu wa nyumba moja. Niliwahi kusafisha orodha ya kikundi cha kuweka na kukopa kwa njia hii, nikaridhika kabisa. Siku ya mgao binti mmoja akasimama kuuliza jina lake liko wapi. Alikuwa amejiandikisha kwa simu ya mama yake, na mama alikuwa mstari wa juu. Excel hubakiza mstari wa kwanza na kufuta unaofuata. Tangu siku hiyo ufunguo wangu, yaani kile ninacholinganisha ili kutambua marudio, ni namba pamoja na jina.

Na majina yana mitego yake. Wapo wanaosema herufi 4 za mwanzo zinatosha. “Moha” itawakusanya Mohamed na Mohammed, lakini Muhamadi atabaki nje. Hamisi na Khamis wanaachana kwenye herufi ya kwanza kabisa. Hata Soundex, mbinu ya kupanga majina kwa matamshi iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, haituokoi: huibakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu, hivyo Hamisi ni H520 na Khamis ni K520. Halima na Harima, ambao karani akisikia vibaya huwa mtu mmoja, hupata H450 na H650. Lakini Asha na Aisha, ambao huenda ni ndugu wawili, wote ni A200.

Kwa hiyo sifuti tena kwa kufanana kwa kipande. Kando ya safu ya ufunguo, ambayo ni C, naweka =COUNTIF(C:C,C2), na kila inapozidi 1 naupaka mstari rangi, nasoma yote miwili, na penye shaka napiga simu.

Yule binti nilimrudisha kutoka kwenye faili la awali, ambalo sikuwa nimeligusa.