Haki ya ujenzi iliyokita: kwa nini Park City ililipia ruhusa iliyoitoa yenyewe

Mwaka 2018 wapiga kura wa Park City, mji wa utalii wa theluji katika milima ya Utah, Marekani, walikubali mji wao ukope dola milioni 48. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kununua mteremko uitwao Treasure Hill, unaoinuka juu ya mitaa ya zamani ya mji huo. Bei yote ya mteremko ilikuwa dola milioni 64. Kilichoifanya ardhi hiyo kuwa ghali kiasi hicho ni ruhusa ya kujenga hoteli, nyumba za likizo na maduka, na aliyeitoa ruhusa hiyo ni baraza la mji lenyewe, mwaka 1986.

Kwa nini baraza halikuifuta tu? Mabaraza hubadili kanuni kila mwaka. Jibu liko katika dhana ambayo nitaiita hapa haki ya ujenzi iliyokita. Maana yake ni hii: mwenye ardhi akishafika hatua fulani katika kuomba ruhusa, mradi wake utapimwa kwa kanuni zilizokuwapo siku hiyo. Madiwani wakipitisha kanuni kali zaidi kesho yake, zitawabana watakaokuja baadaye, yeye hazimgusi. Haki hiyo huenda pamoja na ardhi, kwa hiyo akiuza, mnunuzi huipata pia.

Mvutano wote uko katika kujua ni hatua ipi hasa inayoikitisha haki, na hapo majimbo ya Marekani hayafanani hata kidogo. California ilichukua msimamo mkali dhidi ya mwendelezaji, yaani anayetaka kuijenga ardhi. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kesi ya kampuni ya Avco, iliyokuwa imetumia zaidi ya dola milioni 2 kuandaa barabara na mifereji katika ardhi yake karibu na pwani kabla sheria mpya ya pwani haijaanza kufanya kazi. Kampuni ilishindwa, kwa sababu ilikuwa bado haijapata kibali cha kujenga majengo yenyewe. Fedha nyingi, hata zikitumika kwa nia njema, hazikutosha bila kile kibali.

Utah ilikwenda upande wa pili. Kampuni moja ilikuwa na ardhi katika mji wa Logan, kaskazini mwa jimbo, kwenye eneo lililotengwa kwa viwanda lakini ambalo kanuni ziliruhusu pia nyumba za familia. Ikaomba kujenga nyumba. Maombi yakiwa mezani, mji ukabadili kanuni na kuziondoa nyumba katika eneo hilo. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Utah ikasema kampuni ina haki ya kujenga, kwa kuwa maombi yake yalilingana na kanuni za siku yalipowasilishwa. Mahakama iliacha milango miwili tu: ama mji uwe umeshaanza rasmi kubadili kanuni kabla ya maombi kuletwa, ama pawe na maslahi mazito ya umma yanayodai vinginevyo. Tangu hapo, Utah haki hukita mapema sana, pale maombi kamili yanapowasilishwa na ada kulipwa.

Jimbo la Colorado, lenye miji ya theluji kama Aspen na Vail, liliandika jambo hili katika sheria. Mpango wa kina wa kiwanja fulani ukishapitishwa, haki hukita kwa miaka mitatu, na baraza linaweza kukubali muda mrefu zaidi. Ndiyo maana katika miji hiyo utaona mwendelezaji akirudi barazani kuomba kuongezewa miaka. Kwa jirani wa mradi, hiyo ni nafasi adimu ya kuliuliza baraza kama bado linautaka.

Sasa turudi Treasure Hill, kwa sababu pale ndipo dhana hii inapoonekana na uzito wake wote. Park City ulikuwa mji wa machimbo ya madini ya fedha. Machimbo yalipodorora, wakageukia theluji, na uwanja wa kuteleza ukafunguliwa mwaka 1963. Kufikia miaka ya 1980 mji ulikuwa unakua, na familia moja ilikuwa na ekari zaidi ya 120 juu ya mitaa ya wachimbaji. Baraza la 1986 lingeweza kuacha nyumba zisambae kwenye miteremko yote. Badala yake likakubaliana na wenye ardhi kwamba ujenzi ukusanywe sehemu moja, takriban ekari 11 na nusu, na sehemu kubwa ya mlima ibaki wazi. Siwezi kuwalaumu madiwani wale. Kwa macho ya wakati huo walikuwa wanaulinda mlima.

Lakini mpango huo haukujengwa haraka. Miaka ikapita, mji ukawa mwenyeji wa baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2002, bei za nyumba zikapaa, na barabara zikajaa magari. Wenye ardhi walipoleta maombi ya hatua iliyofuata, mwaka 2004, mchoro wao ulikuwa wa majengo makubwa ambayo baadaye yalikaribia futi za mraba milioni moja, juu ya vichochoro vyembamba vilivyochorwa kwa ajili ya wanyama wa mizigo na mikokoteni. Majirani walijipanga, wakaajiri wanasheria, wakahudhuria vikao mwaka baada ya mwaka.

Na hapa ndipo watu wengi huumia bila kuelewa. Mwananchi anasimama kikaoni, anaeleza kwa uchungu kwamba hoteli ile itaharibu mtaa wake, na tume ya mipango inamsikiliza kwa heshima. Lakini swali la kama hoteli ijengwe au isijengwe limeshajibiwa miaka mingi nyuma. Tume imebakiwa na swali dogo zaidi: ijengwe kwa masharti gani? Sheria ya Utah inasema kwamba matumizi yanayohitaji kibali cha masharti lazima yakubaliwe ikiwa madhara yake yanaweza kupunguzwa kwa masharti ya busara. Hivyo mjadala ukawa juu ya malori ya udongo, vumbi la machimbo ya zamani, magari ya zimamoto, na ukubwa wa majengo ukilinganishwa na yale yaliyokubaliwa 1986. Hoja ya ukubwa ilikuwa na nguvu, kwa sababu haki iliyokita ina mipaka yake: hukita kwa kiasi kilichoidhinishwa, na kinachozidi hapo hakina ulinzi.

Kukataa kabisa kungeupeleka mji mahakamani. Kukubali kungebadilisha sura ya mji. Njia ya tatu ikawa kununua, na mwaka 2018 bei ya kuununua mlima wote ikafikiwa. Wapiga kura waliunga mkono mkopo kwa wingi mkubwa, nao unalipwa kwa kodi ya majengo. Utah humpunguzia kodi mtu ambaye nyumba yake ndiyo makazi yake makuu, kwa kutohesabu asilimia 45 ya thamani yake. Mwenye nyumba ya likizo hutozwa kwa thamani yote. Kwa hiyo wageni wenye nyumba za milimani walibeba sehemu kubwa ya mzigo, ingawa wengi wao hawakuwa na kura pale. Naiona hiyo kuwa haki kiasi, kwani wao pia wanafaidi mlima ukibaki wazi. Kinachonisumbua zaidi ni kijana aliyehamia Park City kupika au kuendesha basi, ambaye analipa kupitia kodi ya chumba chake gharama ya kikao kilichofanyika kabla hajazaliwa.

Hata hivyo, sitaki kanuni hii iondolewe. Bila haki iliyokita, baraza lingeweza kumruhusu mtu, kumwacha akope na kuchimba msingi, kisha kumgeuka baada ya uchaguzi. Wa kwanza kuumia angekuwa mwenye kiwanja kimoja asiye na wakili. Ninachokitaka ni ruhusa kubwa ziwe na tarehe ya mwisho, na wananchi waambiwe waziwazi, siku mpango wa kwanza unapojadiliwa, kwamba hapa ndipo penye uamuzi wenyewe.

Tena mapatano ya zamani humbana mwendelezaji pia. Mwaka 1998 Park City ulikubaliana na mmiliki wa uwanja wa kuteleza juu ya namna uwanja utakavyokuzwa, pamoja na uwezo wa kubeba watelezaji na sehemu za kuegesha magari. Uwanja ukaja kumilikiwa na kampuni ya Vail Resorts, na mwaka 2022 kampuni hiyo ikaomba kubadilisha lifti mbili za viti, zinazowapandisha watelezaji mlimani, ziwe kubwa zaidi. Mkurugenzi wa mipango alikubali. Wakazi wanne wakakata rufaa wakiwa na mapatano ya 1998 mkononi, wakisema mabadiliko hayo hayalingani nayo na tatizo la maegesho halijatatuliwa. Mwezi Juni tume ya mipango iliwaunga mkono, na kibali kikafutwa. Lifti zilikuwa zimeshaagizwa, hivyo kampuni ikazipeleka Whistler, Kanada, kwenye uwanja wake mwingine.