Nani Aliyejenga Gede? Jibu Langu kwa Wateja Wanaojiandaa Kuzuru Miji ya Kale ya Pwani

Kazi yangu ni kuwachukua watu wa Nairobi na kuwapitisha kwa gari katika miji ya kale ya mwambao, kuanzia Mombasa hadi Malindi na mara nyingine hadi Witu, na karibu kila kundi huwa limekwisha kuniambia, kabla hatujavuka daraja la Mtwapa, kwamba magofu tunayokwenda kuyaona yalijengwa na Waarabu. Juma lililopita niliyasikia maneno hayo tena ofisini, kutoka kwa mzee aliyekuja kuwalipia wajukuu wake safari ya likizo, naye aliwaeleza watoto hao jambo hilo kwa uhakika ulionisikitisha. Sitaki watoto hao wafike Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, wakiamini kwamba wanatazama kazi ya wageni, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na tarehe. Mwarabu ambaye wengi humfikiria wanaposema hivyo ni Mwomani, yaani watu wa masultani waliokuja baadaye kutawala kutoka Zanzibar. Waomani waliitwaa Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kutoka kwa Wareno mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Kufikia wakati huo Gede ilikuwa imehamwa tangu mapema katika karne ya 17, na Jumba la Mtwana, mji mwingine wa kale pale Mtwapa, lilikuwa limekaa bila watu kwa zaidi ya miaka 200. Katika makaburi ya Gede lipo moja lililochongwa mwaka wa Hijria unaolingana na 1399, yaani karibu karne tatu kabla ya Mwomani kushika funguo za Mombasa.

Wapo wanaorudi nyuma na kudai kwamba basi ni Waarabu wa zamani zaidi, au Washirazi kutoka Uajemi. Wanaodai hivyo nawaomba wasome yaliyochimbuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980. Tabaka za chini kabisa hazina jumba la mawe lililoletwa likiwa kamili. Zina nyumba za miti na udongo, vyungu vya ufinyanzi wa Afrika Mashariki, na msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, ambao ulijengwa upya mara kadhaa mahali pale pale hadi ukafikia kuwa wa mawe. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita Mombasa mwaka 1331, aliikuta bado ina misikiti ya mbao, akasifu ustadi wa ujenzi wake. Kwa hiyo mji wa mawe ulikua kutoka kijiji cha miti, mikononi mwa watu waliokuwa wakiishi humo, vizazi kwa vizazi.

Vifaa vyenyewe vinasema hivyo hivyo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, chokaa yake ilichomwa papa hapa, na dari zilibebwa na boriti za mikoko, ndiyo sababu vyumba vya Gede ni vyembamba hata katika jumba la mfalme: upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti. Mteja anayekipima chumba kwa hatua zake na kukuta hatua tatu au nne tu huelewa haraka kuliko nikimhutubia kwa saa nzima. Halafu yako makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, kama yaliyoko Mnarani, Malindi na Mambrui, ambayo ni alama ya mwambao wetu na hayana asili yake Arabuni. Tena lugha ya wajenzi hao ni Kibantu, ndugu wa karibu wa Kigiriama, Kipokomo na Kikomoro.

Sikatai kwamba wageni walikuja. Uislamu ulikuja, biashara ilikuja, na ndoa zilifungwa. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023, uliofanywa kwa mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani, ulionyesha kwamba watu wa Uajemi, hasa wanaume, walianza kuchanganyika na Waafrika yapata mwaka 1000, na kwamba wengi wa waliochunguzwa walipata zaidi ya nusu ya nasaba yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Hata simulizi ya Kilwa, mji wa kale wa kisiwani kusini mwa Tanzania, ambayo wapenzi wa Washirazi huitegemea, inasema kwamba mgeni huyo wa Kishirazi alikinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mfalme aliyemkuta. Anayenunua amemkuta mwenye mali.

Madai mengine ninayoyasikia nitayajibu kwa ufupi. Vasco da Gama hakuigundua Malindi: alipofika Aprili 1498 alikuta bandari yenye merikebu za Wahindi, na humo humo akapewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Jumba la Mtwana halikuwa soko la watumwa, bali mji wa karne ya 14 wenye misikiti na nyumba za wafanyabiashara. Jina hilo ni la baadaye. Shanga haikupata jina kutoka Shanghai kupitia mabaharia wa Kichina walioangamia, kwa sababu mji ulianza katika karne ya 8, ilhali merikebu za Zheng He, amiri wa Kichina, zilifika katika karne ya 15.

Ama kuhusu laana ambayo wengine husema ndiyo iliyowahamisha watu wa Gede, ukweli ni kwamba visima vilianza kukauka, kimoja kikaongezwa kina, na vita vya mwishoni mwa karne ya 16, yakiwemo mashambulizi ya Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, ya mwaka 1589, viliitikisa pwani nzima. Hata hivyo huwaomba wateja wazungumze kwa sauti ya chini, kwa kuwa majirani wa magofu hayo wanaamini kwamba wazee wa kale bado wanayalinda.

Sina budi kuongeza kwamba Gede haitazamwi kwa nusu saa ukiwa njiani kwenda kuogelea Watamu. Ipe saa tatu, uvae viatu vya kutembelea, na uwahi asubuhi.

Wanaosema kwamba hekaya ni za watoto huwa nawasubiri hadi tuwe kwenye barabara ya Garsen kwenda Witu, karibu na Kipini na Ozi, ambako inasemekana Fumo Liyongo, shujaa wa hekaya za pwani, alizikwa. Hapo nawasimulia jinsi mama yake alivyomfikishia tupa gerezani ndani ya mkate, jinsi mwanawe alivyomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, na jinsi alivyokufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, hata watu wa mji wakakaa siku kadhaa wasithubutu kuteka maji kwa kudhani kwamba bado yu hai. Shujaa huyo ni mshairi wa Kiswahili, mzaliwa wa pwani hii.