Je, wajua kwa nini tunapaliwa tukiongea huku tunakula?

Saa mbili usiku, taarifa ya habari imeanza, sinia la wali liko katikati ya mkeka, na mtoto ana habari ya shuleni isiyoweza kungoja. Hajaifikisha mbali, anakatizwa: "Kula kwanza, utapaliwa." Iwe Magomeni au Mbagala, agizo hilo halina mjadala. Sababu zake ndizo kila nyumba ina zake.

Wapo wanaosema dini imekataza. Kwa Uislamu, ambao ndio dini ya familia nyingi za Pwani, mambo yako karibu kinyume. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume aliomba kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akawa anakula huku akisifu kwamba kitoweo kizuri ni siki. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham (eneo la Siria ya leo) aliyefariki mwaka 1277, aliitolea hoja hadithi hiyo kwamba kuzungumza wakati wa kula kunapendeza, maana kunawaliwaza walaji. Mwanachuoni Ghazali, aliyemtangulia kwa zaidi ya karne moja, aliona kukaa kimya kabisa penye chakula si adabu. Yaliyosisitizwa ni bismillahi, mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Wengine husema katazo lilitokana na sinia lenyewe: pakila watoto sita, anayesimulia ndiye anayebaki na ukoko. Hilo halihitaji mwanachuoni.

Inabaki sababu ya kupaliwa. Ni ya kweli, ila inavyoelezwa kwa kawaida imekaa upande.

Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba kooni kuna mfuniko. Ukimeza unafunga njia ya hewa, ukiongea unafunguka, basi tonge linapotea njia. Ukimuuliza mtu mfuniko huo uko wapi, mara nyingi atapanua mdomo na kukuonyesha kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa: kimio, wengine hukiita kilimi. Sicho. Kimio hakifiki hata karibu na njia ya hewa. Kazi yake ni ya juu zaidi: pamoja na kaakaa laini, kinanyanyuka unapomeza ili chakula kisipandie puani. Ndiyo maana mtu akichekeshwa akiwa na soda mdomoni, soda hiyo inaweza kumtokea puani, jambo linalomfurahisha kila mtu isipokuwa yeye. Lawama nyingi anazobebeshwa kimio si zake. Mitaani bado wapo watoto wanaopelekwa kukatwa kimio kwa sababu ya kikohozi kisichoisha, na madaktari wamekuwa wakiwaonya wazazi kwamba kukikata hakutibu kikohozi, kunaleta kutokwa na damu na maambukizi.

Mfuniko wa kweli upo, ndio kidakatonge, kipande cha gegedu chenye umbo la jani nyuma ya ulimi, huwezi kukiona kwa kupanua mdomo. Nacho hupewa sifa kuliko stahili yake. Wapo wagonjwa waliokatwa kidakatonge kwa sababu ya saratani, na wengi wao baada ya mazoezi hurudi kula kwa mdomo. Kama kingekuwa ndicho mlinzi pekee, wangezamisha mapafu kwa uji wa kwanza.

Mlinzi mkubwa yuko chini yake: nyuzi za sauti. Zile zile zinazotetemeka unapoongea ndizo zinazobana njia ya hewa unapomeza. Weka kidole kwenye kikoromeo na umeze mate. Utakisikia kinapanda kisha kinashuka. Hapo sanduku zima la sauti limevutwa juu na mbele, likajificha chini ya shina la ulimi, na nyuzi ndani yake zimefungwa. Sasa jaribu kusema "aaaa" ndefu na kumeza katikati yake. Sauti inakatika pale pale, upende usipende. Kumeza na kusema vinagombania mlango mmoja.

Kwa nini tuwe na mlango mmoja? Pua iko juu ya mdomo, lakini bomba la hewa liko mbele ya umio, yaani bomba la chakula. Hewa inatoka nyuma kwenda mbele, chakula kinatoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo lazima njia zikatane. Charles Darwin aliona ajabu hiyo kiasi cha kuitaja katika kitabu chake cha mwaka 1859: kila chembe tunayomeza inapita juu ya tundu la hewa, na hatari ya kutumbukia ipo.

Yakumbuke makutano ya Tazara, Dar es Salaam, kabla Daraja la Mfugale, linalopitisha magari juu, halijafunguliwa mwaka 2018. Magari ya Barabara ya Nyerere na ya Mandela yalikutana kwenye lami ile ile, na aliyeamua nani apite ni trafiki. Koo ni Tazara ya zamani. Trafiki ni shina la ubongo: likija tonge, anasimamisha pumzi kabisa kwa nusu sekunde hadi sekunde moja na ushei, tonge linavuka, kisha anaachia. Na haachii ovyo. Kwa kawaida pumzi ya kwanza anayoiruhusu ni ya kutoka, si ya kuingia, hivyo punje iliyobaki barabarani inapulizwa irudi ilikotoka. Farasi yeye amejengewa daraja: sanduku lake la sauti limepanda hadi nyuma ya kaakaa laini, likaungana na njia ya pua, na anaweza kupumua huku mdomo umejaa nyasi. Husemwa kwamba hata mtoto mchanga ana daraja kama hilo, ananyonya na kupumua kwa pamoja. Nusu yake ni kweli. Koo lake kweli liko juu zaidi kuliko la mtu mzima, lakini vipimo vinaonyesha naye husimamisha pumzi kidogo kila anapomeza.

Tukirudi kwa mtoto na habari zake za shule, kitu kimoja huwashangaza watu. Kuongea kwenyewe ni kutoa pumzi, na pumzi inayotoka haivuti wali kuupeleka mapafuni. Hatari iko kwenye nukta, pale msemaji anapovuta hewa upesi ili aendelee kabla hajadakiwa maneno. Hewa hiyo inapita mdomoni, kwa kasi, na nyuzi ziko wazi. Kicheko ni kibaya zaidi, kwa sababu kinaachia pumzi kwa vipande na mwisho wake ni mvuto mmoja mkubwa usio na taarifa.

Aina ya chakula nayo ina neno. Tonge la ugali huwa linakaa pamoja mpaka limezwe. Lakini chapati na supu, au wali uliomwagiwa mchuzi mwepesi, ni vitu viwili mdomoni mwa mtu mmoja: meno yakiwa bado yanashughulika na kigumu, cha majimaji kimeshateleza hadi kooni, kinangoja. Mtu akivuta hewa wakati huo, hakihitaji kusukumwa. Mpiga soga wa supu ya asubuhi anacheza kamari kubwa kuliko wa ugali wa mchana.

Hata hivyo tusitiane hofu. Watu wazima wenye afya hula na kupiga soga miaka yote, na wakipaliwa, kikohozi kinamaliza kazi. Wanaohitaji uangalizi ni watoto wadogo ambao magego hayajakamilika, hasa wakipewa karanga, pamoja na wazee, waliopata kiharusi, na waliokunywa pombe, ambao trafiki wao anasinzia.

Mtu akipaliwa, sinia zima humgeukia: "Vipi, umepaliwa?" Inaonekana swali la kijinga kumuuliza mtu anayekohoa, lakini ndicho kipimo chenyewe. Akijibu au akikohoa kwa nguvu, hewa inapita. Mwache akohoe, na msimkimbizie maji, maana mtakuwa mnaleta mzigo mwingine kwenye makutano yaliyoziba. Akishindwa kutoa sauti, ainamishwe mbele, apigwe mgongoni kati ya mabega kwa kiganja hadi mara 5. Kilichokwama kisipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, kunja ngumi juu ya kitovu na uvute kwa ndani na juu hadi mara 5, mkipokezana njia hizo mbili huku mmoja akitafuta usafiri wa hospitali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo: analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, anapigwa mgongoni, kisha anageuzwa na kubonyezwa katikati ya kifua.