Maji ya mimea ya vyungu: klorini si adui mkubwa

Kila ninapofundisha kilimo hai cha vyungu, swali la kwanza huwa lilelile: niache maji ya bomba kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke? Acha, haidhuru kitu. Klorini ya kawaida hupotea hewani ndoo ikikaa wazi kwa saa 24 hivi. Mamlaka za maji zinazotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ndizo za kuangaliwa, kwa sababu hiyo haitoki kwa kukaa. Huondolewa kwa chujio la mkaa maalumu au kwa vitamini C kidogo. Lakini hata pale klorini inapobaki, huua bakteria wa tabaka la juu la udongo tu, na mboji hai huwarudisha upesi. Sijawahi kupoteza mmea kwa klorini. Nimepoteza mingi kwa chumvi na chokaa.

Shambani mvua husukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Chungu hakina huko chini. Mmea unakunywa maji, jua linakausha mengine, na kilichoyeyushwa ndani yake kinabaki palepale. Piga hesabu: maji yenye upitishaji umeme (kipimo cha chumvi iliyoyeyuka) wa desisimensi 0.7 kwa mita, yaani 0.7 dS/m, kiwango ambacho mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, bado unakiona salama kwa mashamba, yana takribani miligramu 450 za chumvi kwa lita. Mpe mnyanya lita moja kwa siku, na mwezi ukiisha umeuwekea gramu 13 na zaidi, kama vijiko viwili vya chai, ndani ya ndoo moja ya udongo. Sehemu ya hizo ni chakula cha mmea, kweli, lakini sehemu kubwa si chakula. Ncha za majani zikiungua na ukoko mweupe ukijitokeza ukingoni mwa chungu, ndizo hizo.

Chokaa ni mjanja zaidi. Nilikuwa na mlimao ambao majani yake machanga yalikuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Nikaongeza mboji, nikaongeza chai ya samadi, majani yakazidi kupauka. Udongo ulikuwa na chuma cha kutosha, ila maji ya kisima yalikuwa magumu, yamejaa bikaboneti, yaani madini yanayopunguza asidi, na kila umwagiliaji ulikuwa unapandisha pH ya udongo (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) mpaka chuma kikafungika, mizizi isiweze kukinyonya. Nilipobadilisha maji, majani mapya yalitoka ya kijani bila mbolea yoyote ya ziada. Tangu hapo, nikipokea vipimo vya maji naangalia kwanza alkalini, yaani uwezo wa maji kupinga asidi, kabla ya pH. Maji ya pH 8 yenye bikaboneti chache hayasumbui kama ya pH 7.3 yaliyojaa bikaboneti.

Huna maabara? Tazama birika lako. Likishika ukoko mgumu mweupe, maji yako ni magumu. Na tafadhali usiyachemshe ukidhani unaondoa chumvi: mvuke huondoka, chumvi hubaki kwenye maji machache zaidi.

Maji yaliyolainishwa kwa mashine ya nyumbani usiyatumie kabisa. Mashine nyingi hutoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake, na sodiamu huvunja muundo wa udongo na kuumiza mizizi.

Maji ya mvua ndiyo ninayoyapenda. Yana asidi kidogo, pH yapata 5.6, kwa sababu ya kaboni dayoksaidi ya hewani, na karibu hayana chumvi. Mwaga yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege paani, funika pipa mbu wasizaliane, na usikinge kwenye paa lenye rangi ya zamani ya risasi ikiwa unakuza mboga. Kasoro yake ni kwamba hayana kalsiamu. Kwenye mchanganyiko wa maganda ya nazi, nyanya zinaweza kuoza kitako. Kwa hiyo huchanganya nusu ya mvua na nusu ya bomba.

Na kama maji magumu ndiyo pekee uliyo nayo? Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uliyoweka, kisha mwaga ya kisahani kabla chungu hakijayanyonya tena. Ukoko ukionekana, osha udongo kwa maji safi mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole. Mboji mpya ongeza baadaye, maana naitrojeni nayo itakuwa imeondoka.