Buzuki la zamani husomwa kuanzia ndani

Karibu kila anayeniletea buzuki la Kigiriki, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu na tumbo la mviringo, ili nithibitishe umri wake huanza kwa kunionyesha lebo iliyobandikwa ndani ya tumbo. Mimi huiacha lebo hadi mwisho, kwa sababu karatasi hubanduliwa, hunakiliwa na kubandikwa upya kwa urahisi, hasa ikibeba jina linalotafutwa kama la Anastasios Stathopoulo, fundi aliyehamia New York mwaka 1903 na ambaye karakana ya familia yake ndiyo iliyozaa kampuni ya magitaa ya Epiphone. Mbao haidanganyi kirahisi hivyo.

Naingiza taa ndogo na kioo cha daktari wa meno kupitia tundu la sauti. Tumbo la buzuki huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao, kama vile mjozi au mforosadi, vilivyopindwa kwa joto na kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Mbao iliyokaa miongo mingi bila kupakwa kitu hugeuka kahawia kwa usawa, hata kwenye pembe ambazo mkono haufiki, ilhali iliyozeeshwa kwa rangi huwa na madoa yaliyokoza kingoni na mistari ya brashi. Gundi ya zamani, iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa, ina rangi ya kaharabu na hukatika vipande nikiigusa kwa ncha ya sindano. Gundi nyeupe ya viwandani hubonyea tu. Nikiikuta hiyo nyeupe mahali pamoja, najua ala ilikarabatiwa. Nikiikuta kwenye kila kiungo, ala ni mpya.

Shingo ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi. Buzuki la rebetiko, muziki wa mitaani wa Ugiriki, la miaka ya 1930, kama alilolipiga mwanamuziki Markos Vamvakaris, lilikuwa na jozi tatu za nyuzi, lakini katika miaka ya 1950 mpigaji Manolis Chiotis alieneza lile la jozi nne, na wamiliki wengi wakapeleka mabuzuki yao ya zamani kwa mafundi yakabadilishwe. Kwa hiyo, nikiambiwa kwamba buzuki la nyuzi nane ni la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, hutafuta kwanza vizibo vya mbao vilivyojaza matundu ya zamani kichwani, na mistari ya kiungo pembeni mwa shingo iliyopanuliwa. Ala ya namna hiyo kwangu ni halali kabisa, mradi muuzaji aeleze ilivyobadilishwa na bei ifuate ukweli huo.

Kuna pia matumbo ya mandolini kubwa, ala nyingine ya nyuzi, yaliyopachikwa shingo ndefu ili yapite kama mabuzuki. Hapa natazama vanishi chini ya nyuzi. Daraja la buzuki, yaani kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo, halikugundishwa, hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na likikaa mahali pamoja kwa miaka mingi huacha kivuli na mikwaruzo yake. Kivuli hicho kikiwa sentimita kadhaa mbali na mahali daraja linapotakiwa kukaa sasa ili sauti ziwe sahihi, shingo si ile ya mwanzo.

Nyenzo za zamani nazo hujitambulisha: vanishi ya shelaki, utomvu wa wadudu, hung'aa rangi ya machungwa chini ya taa ya urujuanimno, na seluloidi ya mapambo, plastiki ya kale, ikisuguliwa hadi ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Skrubu zenye alama ya msalaba zilienea baada ya katikati ya miaka ya 1930, ingawa peke yake hazitoshi kulikataa buzuki, kwa kuwa mashine za kukazia nyuzi, zinazofungwa kwa skrubu, hubadilishwa mara nyingi.

Ndipo nasoma lebo. Kigiriki kiliandikwa rasmi kwa alama kadhaa za mkazo na pumzi hadi mwaka 1982, kilipobakiwa na alama moja. Lebo iliyoandikwa kwa herufi ndogo, si kubwa, inayodai kuwa ya mwaka 1928, huku ikiwa na alama hiyo moja tu, haiwezi kuwa ya mwaka huo.

Ninawaomba wamiliki wasisugue wala kupaka vanishi mpya kabla ya ukaguzi, kwa kuwa kivuli cha daraja kikishafutwa hakirudi.